Amelala ni Amelala

Mtu wa kwanza niliyempigia simu baada ya kumwandika kuwa amekufa alipokea kwenye mlio wa pili. "Haloo," akasema. Sauti ya mwanaume aliye shambani, nyuma yake jogoo anawika. Mimi nilikuwa nimekaa ofisini Njombe, saa nne asubuhi, ukungu bado umeziba dirisha, na mbele yangu kwenye kompyuta jina lake lina rangi ya kijivu na pembeni neno moja: Amefariki. Neno hilo nilikuwa nimeliweka mimi mwenyewe. "Haloo, nani mwenzangu?" akauliza tena. Nikakata simu, nikabaki nimeishika mkononi mpaka yeye akapiga.

Sikupokea. Ningemwambia nini? Samahani kaka, nilikuwa nahakikisha tu kama umekufa kweli? Mwingine angecheka. Mimi nilikwenda chooni nikatapika chai yote ya asubuhi.

Basi ngoja nianze mwanzo, maana nikikasirika huwa naruka mambo, na hapa wa kukasirikiwa ni mimi.

Shirika letu ni dogo na kazi yake ni moja: kutibu kifafa vijijini. Huku watu wengi hawapendi hata kulitaja hilo jina, wanasema "ugonjwa wa kuanguka". Mara moja kwa mwezi wauguzi wetu hufungua kliniki upande wa Lupembe, upande wa Ludewa na kwingineko, na kila mgonjwa hupewa bahasha yenye namba yake na vidonge vya mwezi mzima. Ofisi iko Njombe. Ghala la dawa liko Makambako, kwenye njia panda, kwa sababu mizigo yote kutoka Dar inapita pale. Na dawa hii haimezwi siku unayojisikia vibaya. Inamezwa kila siku ya Mungu, na ukiikatisha ghafla unaweza kuanguka zaidi kuliko ulivyokuwa ukianguka kabla hujaanza. Hilo lishikwe, maana mengine yote yanatoka hapo.

Kijijini Matembwe tulikuwa na mama mmoja, mchuma chai, rika langu. Zamani, kabla ya dawa, alianguka katikati ya shamba la chai na wenzake wakamkimbia, kwa sababu watu wanaamini lile povu linaambukiza. Walikwenda kupima majani yao wakamwacha palepale kati ya mistari. Alipoanza dawa akatulia, ikawa miezi inapita hajaanguka, akarudi kuchuma, na alichuma kwa mikono yote miwili kwa kasi ambayo nyie hamjaiona. Siku za kliniki nilipofuatana na wauguzi alinitania mbele ya benchi zima. "Karani, wewe si unaandika kila kitu? Andika na hili, kwamba anayeongoza kwa kuchuma hapa ni mwenye kifafa." Kisha anataja namba yake kabla hajaulizwa, kwa sauti, kama mwanafunzi anayejua jibu: mia mbili na kumi na nne. Na kila mara alinipa parachichi mbili, moja imeiva na moja ya kungoja.

Madaftari yetu yaliandikwa na mzee mmoja, Mpangwa wa milima ya Ludewa. Yalikuwa makaunta buku makubwa, moja kwa kila kijiji, na aliyabeba kwenye mfuko wa mbolea ili yasilowe. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kuwaona wagonjwa kati ya kliniki na kliniki. Anakaa kwenye kigoda, anapewa uji au kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, anauliza maswali, anaandika palepale mbele ya wenye nyumba. Ule msemo wa madukani wa mali bila daftari alikuwa ameugeuza wake. "Mgonjwa bila daftari hufa bila habari," anasema, halafu anacheka peke yake. Alinuka moshi wa kuni. Nasema hivyo kwa sababu lazima niseme ukweli: nilikuwa namwonea aibu mbele ya wageni.

Kisha ukaja mfumo. Wafadhili walitaka kila mgonjwa aingizwe kwenye kompyuta, wauguzi wapewe vishikwambi, na orodha ya dawa itoke yenyewe Makambako bila mtu kuandika kwa mkono. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar, kijana mpole, amevaa koti la baridi na bado anatetemeka. Mzee akafikia kustaafu mwaka huohuo. Mimi nikapewa cheo ambacho hakikuwepo kabla: msimamizi wa ubora wa taarifa. Nikatengenezewa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Weee, kichwa kilivimba! Nilikivaa mpaka sokoni nikinunua viazi.

Siku ya kukabidhiana, mzee aliyapanga madaftari mezani, akayafuta vumbi kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, nipe wiki moja tukae nikusomee. Mwandiko ni wangu, lakini na maneno nayo ni yangu."

Nikamjibu, "Mzee, Kiswahili nimesoma."

Akaniangalia kidogo. "Kuuliza si ujinga," akasema, akachukua kofia yake akaenda kutafuta gari la Ludewa. Sikumsindikiza hata mlangoni, nilikuwa nachomeka waya.

Tuliingiza taarifa kwa wiki sita. Kila mgonjwa alikuwa na ukurasa wake kwenye mfumo, na juu kabisa kulikuwa na kisanduku cha hali yake, ambacho lazima ukijaze. Huruhusiwi kuandika unachotaka. Unachagua kimoja kati ya vinne: Anaendelea, Amehama, Amepotea, Amefariki. Ukikiacha wazi kinakuwa chekundu, na asubuhi mtaalamu anahesabu vyekundu. Utaratibu tuliojiwekea ulikuwa rahisi. Unafungua daftari, unakwenda kwenye mstari wa mwisho wa mgonjwa, unaangalia mzee aliandika nini kwenye safu ya maelezo, unachagua. Aliyeandikwa "kaendelea vizuri", Anaendelea. Aliyeandikwa "amehama", Amehama. Hakuna la kufikiri.

Kisha tukakutana na neno "amelala".

Mtaalamu ndiye aliyeliona kwanza. "Dada, hii 'amelala' ina maana gani? Naiona mara nyingi." Aliuliza kwa adabu, kwa sababu mimi ndiye mwenyeji. Nami sikusita hata nukta moja. "Kwetu huku ni kufa," nikasema. "Amelala katika Bwana. Sisi Walutheri hatusemi mtu kafa."

Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyefundishwa mila. "Kumbe. Basi tuweke Amefariki."

Tukaweka. Walikuwa thelathini na saba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusita, na jibu nalijua tangu siku ileile. Nilizaliwa Ilembula, mama yangu alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Nilipokuwa na miaka sita baba aliugua kwa siku chache, na asubuhi moja shangazi akanitoa nje akanipa kipande cha muwa. "Baba amelala," akaniambia. Nikasema sawa. Nikakaa mlangoni na muwa wangu nikimsubiri aamke, nikiwakataza watu wasipige kelele. Walipoleta sanduku niliwatukana. Nilimtukana hadi mchungaji. Mama alinifunga mdomo kwa khanga, na mimi nikaendelea kupiga kelele ndani ya khanga kwamba wanamzika mtu aliyelala. Tangu hapo neno hilo halijawahi kuwa na maana nyingine kwangu. Nikisikia mtu amelala, hata mwanangu akiwa na homa, lazima niende nimguse.

Kwa hiyo nilipoliona kwenye daftari la Matembwe, kwenye mstari wa mwisho wa mia mbili na kumi na nne, nililia. Nilidhani nimempoteza mtu wangu wa parachichi. Nililia kwa dakika tano, nikapangusa macho, nikachagua Amefariki. Hata kumwuliza muuguzi wa kule sikumwuliza. Daftari limesema, nani abishane na daftari?

Mwisho wa zile wiki sita hapakuwa na kisanduku hata kimoja chekundu. Meneja alitupongeza mbele ya wafadhili, akasema taarifa zetu sasa ni kamili. Nikapewa cheti. Nikakipeleka kwa fundi akakiwekea kioo, nikakitundika juu ya kiti changu.

Miezi mitatu ikapita. Mwezi wa nne mfumo ukaanza kutuma ujumbe wa simu kwa wagonjwa, siku moja kabla ya kliniki. "Ndugu, kumbuka kesho ni siku yako ya kliniki. Usikose dawa." Majibu yalikuwa yanakuja kwenye kompyuta yangu, na mengi yalikuwa asante au amina. Moja lilikuwa hivi: "Mwanangu tulishamzika. Nani anamwita?"

Nililisoma nikiwa nimesimama. Nikafungua jina, hali yake ilikuwa Amehama, na waliohama mfumo unaendelea kuwaita mpaka wapokelewe kwingine. Nikafungua daftari la mzee, na ni kweli, mwandiko wake mzuri wa wino wa bluu: amehama. Nikasema mzee amekosea. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kosa ni lake. Jioni likaja jibu lingine la namna hiyo, kutoka kijiji kingine. Kesho yake la tatu.

Hapo ndipo nikakaa chini. Kama amehama ni amekufa, basi amelala ni nini?

Nikalichukua daftari la Matembwe nikalifungua, safari hii si mstari wa mwisho. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mia mbili na kumi na nne. Mwezi mmoja: amelala. Mwezi unaofuata: kafika kliniki, kapewa dawa, anacheka sana. Kisha vizuri, vizuri, vizuri. Kisha amelala. Kisha kafika kliniki. Kisha, mstari wa mwisho kabisa, amelala. Niliangalia wengine. Mmoja alikuwa amelala mara sita katika mwaka mmoja. Mtu hafi mara sita, jamani. Lilikuwa limeandikwa, lote, mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nimesoma mstari wa mwisho tu.

Ndipo nikampigia yule mwanaume wa jogoo, akapokea.

Nilipotoka chooni nilimpigia mzee. Simu yake ilikuwa inakatakata kwa sababu ya milima. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Njombe, za baridi, za madaftari yake. Nikamwambia, "Mzee, naomba kuuliza. Ulipoandika amelala, ulikuwa na maana gani?"

Akacheka. "Mwanangu, amelala ni amelala! Unafika nyumbani kwa mtu, unamkuta asubuhi ile ameanguka. Mtu wa kifafa akishaanguka si analala? Wauguzi walinikataza kumwamsha. Basi naandika amelala, maana sikumhoji, nitarudi."

"Na aliyekufa?"

"Mama wa mtu amekaa mbele yako," akasema, "anaiangalia kalamu. Anajua kusoma. Wewe utaandika amekufa? Niliandika amehama." Kisha akaniuliza, polepole, "Kwani nyie mmeandikaje?"

Nilisema mtandao unasumbua. Na baada ya kukata ndipo hesabu yenyewe ilinijia yote. Mzee aliandika amelala pale tu alipomkuta mtu ameanguka siku hiyohiyo. Anayeanguka mara kwa mara ndiye angekutwa amelala mara kwa mara. Katika wagonjwa wote wa shirika, nilikuwa nimewachagua wale wanaoumwa kuliko wote, mmoja mmoja, nikawanyima dawa kwa miezi mitatu. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema. Mimi nilikuwa nimeambiwa, nikasema nimesoma.

Siku hiyo nilipiga simu zote zilizokuwa na namba. Wengi walipokea. Kila "haloo" ilinishtua, halafu ikanifurahisha, halafu ikanishtua tena. Nikajitambulisha, nikauliza hali. Karibu wote walisema walifika kliniki wakaambiwa hawamo. Sasa kwa nini hamkulalamika? nikawauliza, kwa ukali, kana kwamba kosa ni lao. Mmoja akanijibu, "Dada, ofisi ikisema haumo, haumo." Wengine walidhani mradi umekwisha. Wauguzi nao, kila mmoja alikuwa ameona wawili watatu tu kwenye kliniki yake, akadhani ni hitilafu ya kishikwambi. Nyumba mbili niliambiwa kwamba mtu ninayemtafuta amekwisha kuzikwa. Nilitoa pole. Sikuuliza ni lini. Niliogopa tarehe, na hadi leo sijauliza.

Meneja nilimweleza jioni hiyohiyo. Alishika kichwa, kisha akasema tutaiweka kwenye taarifa kama changamoto ya kipindi cha mpito. Changamoto! Nilitamani kumrushia kile cheti na kioo chake.

Mama wa Matembwe hakuwa na simu.

Kesho yake alfajiri nilikwenda Makambako na gari la ofisi kuchukua dawa. Upepo wa pale mnaujua, unakupiga hadi machozi yanatoka, nami niliushukuru kwa hilo. Mwenye ghala ni mama mmoja mtaratibu, hana maneno mengi. Nilipomweleza ninachotaka alisema, "Mimi nafunga kinachotoka kwenye orodha. Hao hawakutoka." Kisha akavuta katoni kutoka chini ya meza. "Ila nina hawa. Kila mwezi wanatoka kwenye orodha, nawafungia, wanakwenda vijijini, wanarudi. Hakuna anayewachukua."

Ndani kulikuwa na bahasha zenye majina na namba, zimejaa vidonge, zimefungwa vizuri. Niliyatambua majina. Wote walikuwa waliohama. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewapelekea wafu dawa zao kwa uaminifu, bila kukosa hata mwezi mmoja.

Tulikaa chini sisi wawili tukazifungua bahasha moja moja, tukahamishia vidonge kwenye bahasha mpya kwa kipimo cha kila mmoja, tukaandika namba za walio hai. Yule mama alikuwa anasoma kila jina la mfu kabla ya kuichana bahasha yake, kwa sauti ndogo, na anasema "samahani". Nilimwona anafanya hivyo, nami nikaanza kufanya.

Mimi na dereva tulifika Matembwe mchana. Nyumba yao iko ukingoni mwa chai, na mama yake mzazi alikuwa amekaa nje anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Hakuinua macho.

"Natoka Njombe, kwenye dawa. Nimemletea binti yako."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Amelala," akasema.

Nilisimama pale na bahasha mkononi. Mimi, mwenye Kiswahili changu cha kusoma, nilikuwa sijui nimeambiwa nini. Niliangalia uwanja kama kuna majani yamekanyagwa na watu wengi, kama kuna mabenchi ya kuazima. Niliangalia kichwa cha mama kama amejifunga kitambaa cha msiba. Niliangalia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kutafuta udongo mpya. "Amelala vipi, mama?" nikauliza, na sauti ikanitoka ya mtoto.

Sasa aliniangalia. "Amelala jamani, ameanguka asubuhi. Wewe hujawahi kuona mtu aliyelala?"

Nikaingia ndani nikapiga magoti. Alikuwa kwenye godoro, kwa ubavu, anapumua kwa nguvu. Nikamgusa shingo. Alikuwa wa moto, na mshipa unapiga. Nikafurahi hadi nikacheka peke yangu mle ndani. Kisha nikauona mkono. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na mwisho wa bandeji ulikuwa mfupi, haukuwa na urefu wa mkono wa mtu.

Mama yake alinisimulia kutoka mlangoni, ungo bado mikononi. Wiki tatu zilizopita alikuwa anapika, akaanguka, mkono ukaingia motoni, hakukuwa na mtu ndani. Hospitali walimtoa vidole vitatu. Viwili vilivyobaki havikunjiki. "Alikuwa mzima," akasema. "Alikuwa na dawa, alikuwa mzima."

Binti yake aliamka baada ya saa nzima. Alinitazama muda mrefu, akakusanya kumbukumbu zake taratibu, kisha akasema, "Karani."

"Nipo."

"Nilikosa nini?"

Nikamwambia hujakosa kitu. Hakuniamini. Alieleza kwamba siku ile ya kliniki alitaja namba yake kama kawaida, muuguzi akabonyeza, akasoma, akamwambia, mama, hapa inaonyesha umefariki. Benchi zima lilicheka. Na yeye alicheka. Halafu waliokaa karibu naye wakaanza kusogea mbali, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake kwenye benchi. Muuguzi akamshauri apate barua ya mtendaji wa kijiji, aipeleke Njombe. Akamfuata mtendaji mara nne, mara yuko kikaoni, mara hana muhuri. Kurudi nyumbani alikuwa anawaza ni kosa gani lililofanya afutwe. Alidhani labda ni ule utani wake kwangu mbele ya watu. "Nikasema karani amechukia," akasema.

Nilitaka kumwambia palepale. Nilifungua mdomo, nikasema ni mimi. Nikasema ni mimi niliyeandika, nilisoma vibaya, sikuuliza. Alisikiliza. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kitabu cha nyimbo kilichokuwa kwenye kigoda, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa. "Niliipata," akasema. "Nilikuwa niilete Jumatatu. Nikaanguka Jumamosi. Soma."

Nikaisoma kwa sauti, maana alitaka kuisikia. Yahusu: uthibitisho wa uhai. Mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji changu, namfahamu vizuri, na nathibitisha kuwa yu hai. Na muhuri wa bluu, umepinda kidogo.

"Itatosha?" akaniuliza.

"Itatosha," nikasema.

Haikutosha. Mfumo wetu haukubali mtu aliyefariki arudi. Mtaalamu alinieleza kwa simu kwamba ulitengenezwa hivyo makusudi, ili watu wasicheze na taarifa za vifo. Kilichowezekana ni kuwasajili wote upya, kama wagonjwa waliokuja mara ya kwanza, kwa namba mpya ndefu. Kurasa zao za zamani zimebaki. Kila mwisho wa mwezi naitoa ile ripoti, na kila mwezi mia mbili na kumi na nne yumo kwenye orodha ya waliofariki, nami ndiye ninayeweka sahihi kwamba taarifa ni sahihi. Cheti nilikishusha ukutani. Barua ya mtendaji ipo kwenye droo yangu, haina pa kuingizwa.

Siku hizi sikosi kliniki ya Matembwe. Dawa anapata, haanguki tena kama wakati ule. Chai hachumi, anauza maandazi, anakanda kwa mkono mmoja. Ananipa parachichi bado, ila hanitanii. Zamu yake ikifika naita namba yake mpya, tarakimu zote saba, naye anabaki amekaa kimya, anaangalia chai. Naita tena. Benchi linamtazama. Kila mwezi najaribu ile mpya kwanza, na kila mwezi nashindwa, nainamia kishikwambi na kuita kwa sauti ndogo, "Mia mbili na kumi na nne."

"Nipo," anasema, na ananyoosha mkono wa kushoto.